Augusta Savage, mfinyanzi wa sanamu na mwalimu wa Harlem: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapobandika picha ya kazi yake kwenye ukuta wa darasa, maswali huanza kabla sijashuka kwenye kiti. Haya ndiyo yanayorudi mara nyingi zaidi. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili, mengine yamenichukua mbali, kwa kuwa ndivyo jambo lenyewe lilivyo.

Augusta Savage ni nani?

Ni Mmarekani Mweusi aliyezaliwa tarehe 29 Februari 1892 huko Green Cove Springs, mji mdogo wa jimbo la Florida, akafariki New York mwezi Machi 1962. Alitengeneza sanamu tangu utotoni hadi uzeeni. Katika miaka ya 1930 alifungua darasa la sanaa Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, kisha akaongoza kituo kikubwa cha sanaa hapo hapo. Vijana aliowashika mkono baadhi yao ni wasanii wanaotajwa leo popote historia ya sanaa ya Marekani inapofundishwa.

Mbona unamwita mfinyanzi? Si mchongaji?

Kiswahili kinatusaidia hapa, tusiuache msaada huo. Mchongaji hupunguza: anachukua gogo au jiwe na kuondoa kila kisichotakiwa mpaka sura itoke. Mfinyanzi huongeza: anabandika tonge la udongo, anabonyeza, anavuta, anarudia. Augusta alijifunza kuchonga mbao na jiwe pia, lakini mkono wake ulizaliwa kwenye udongo na karibu kila kazi iliyompa jina ilianzia humo. Ukilijua hili utaelewa hata kwa nini nyingi zimepotea. Nitalirudia hapo chini.

Alianzaje?

Green Cove Springs palikuwa na udongo mwekundu uliotumika kufyatulia matofali. Augusta, mtoto wa saba kati ya watoto 14, alikuwa akienda kuuchota na kufinyanga bata na kuku. Baba yake, Edward Fells, alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Kwake sanamu ilikuwa kitu kilichokatazwa na Maandiko, basi akawa anamchapa. Augusta mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alichapwa mara nne au tano kwa wiki, na nusura viboko vimalizie mbali sanaa yote iliyokuwa ndani yake.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Baba aliuwahi, ila kwa fimbo.

Mwaka 1915 hivi familia ilihamia West Palm Beach, pwani ya mchanga mtupu. Hakuna udongo. Miaka ikapita bila kufinyanga chochote, hadi siku alipompata mfinyanzi wa vyungu wa huko na kumwomba udongo kidogo. Alitengeneza sanamu kadhaa, mojawapo ya Bikira Maria. Baba alipoiona hiyo, moyo ukalegea, na viboko vya zamani vikamuuma yeye aliyevitoa.

Halafu kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita haraka. Mkuu wa shule ya huko aliona kazi hizo akamtaka awafundishe wanafunzi kufinyanga, kwa dola moja kwa siku. Kwa hiyo kufundisha hakukuja mwishoni, baada ya usanii kushindikana. Kulianza karibu sawa na usanii wenyewe.

Alifikaje New York?

Mwaka 1919 alipewa meza kwenye maonyesho ya wilaya ya Palm Beach. Akashinda zawadi ya dola 25, na msimamizi wa maonyesho, George Graham Currie, akamhimiza aende New York akasome. Alifika huko mwaka 1921 akiwa na dola 4.60 mfukoni. Ada ya mwalimu ambaye Currie alimwandikia barua ya kumtambulisha hakuiweza, ila mwalimu huyo, mchonga sanamu Solon Borglum, alimwelekeza Cooper Union, chuo kisichotoza ada. Walimpokea mwezi Oktoba mwaka huo huo, akiwapita wanaume 142 waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri. Kozi ya miaka minne akaimaliza kwa mitatu. Katikati alipoteza kibarua kilichokuwa kikimlisha, na chuo kikakubali kumlipia gharama za kuishi. Huwaambia wanafunzi wangu waitazame hatua hiyo ya chuo: walikiona kipaji, wakauliza pia mwenye kipaji anakula nini.

Kisa cha Fontainebleau kilikuwaje?

Mwaka 1923 ilifunguliwa shule ya sanaa ya kiangazi katika kasri la Fontainebleau, nje ya Paris, kwa ajili ya Wamarekani. Wanawake 100 walikuwa wachaguliwe. Augusta aliomba. Kamati ya Wamarekani iliyokuwa ikichagua ilipogundua kwamba ni Mweusi, ikamkataa. Maelezo waliyotoa ni kwamba wasichana wa Kizungu kutoka majimbo ya kusini wangeona tabu kusafiri naye na kukaa naye.

Wengi wangelia chumbani na kunyamaza. Yeye alipeleka jambo magazetini. Katika barua aliyoandikia gazeti la New York World alisema kwamba hajiombei yeye, maana yeye atajua pa kushika, ila baada yake watakuja wengine walio bora kuliko yeye, na hataki mlango ufungwe kwa jina lake. Kisha akaongeza hoja ambayo hainitoki kichwani: kaka yake alionekana anafaa kuingia kikosi kilichopigana Ufaransa wakati wa vita, lakini dada mtu haonekani anafaa kuwa mgeni wa nchi ile ile aliyoipigania kaka yake.

Kamati haikubadili uamuzi. Mjumbe mmoja, mchonga sanamu Hermon MacNeil, ambaye ujanani alikuwa amewahi kukaa karakana moja na mchoraji Mweusi Henry Ossawa Tanner huko Paris, alijitenga na wenzake na kumkaribisha Augusta ajifunze kwake. Gharama nyingine ilikuja polepole. Baadhi ya wenye ushawishi katika sanaa ya New York walianza kumwona mwanamke mkorofi, na mlango mmoja mmoja ukarudishwa. Alikuwa na umri wa miaka 31, na jina lake lilikuwa limejulikana kwa ugomvi kabla halijajulikana kwa sanamu. Naona uchungu kila ninapolifikiria hilo, maana ugomvi ule ulikuwa wa haki na ulikuwa wa wote.

Jina Savage alilipata wapi? Aliolewa mara ngapi?

Mara tatu. Mume wa kwanza, John T. Moore, alifariki wakiwa na binti mmoja, Irene. Wa pili, fundi seremala James Savage, waliachana, lakini jina alibaki nalo. Wa tatu alikuwa Robert Lincoln Poston, mmoja wa viongozi wa chama cha Marcus Garvey, mtetezi wa umoja wa watu Weusi duniani. Walifunga ndoa Oktoba 1923. Machi 1924 Poston alifia baharini, melini, akirudi kutoka Liberia alikotumwa na chama. Ndoa haikutimiza nusu mwaka.

Ile sanamu ya mvulana mwenye kofia ni ipi?

Inaitwa *Gamin*, ya mwaka 1929 hivi. Neno hilo ni la Kifaransa. Kwetu tungesema mtoto wa mtaani. Nairobi wangesema chokoraa, ingawa neno hilo lina dharau na sanamu haina hata chembe yake. Inasemekana aliyekaa mbele yake ni mpwa wake, Ellis Ford.

Itazame kwa karibu. Kofia imevutwa upande, ukingo wake umelala kama kitambaa kilichonyeshewa. Kola ya shati imekunjamana, hakuna aliyeipiga pasi. Kichwa kimeinama kidogo, kama cha mtoto anayesikiliza na bado hajaamua kama akuamini. Huwa nawapa wanafunzi zoezi: ziba mdomo wa picha kwa kidole, utazame macho peke yake. Macho ni ya mtu mzima aliyeona mengi. Ondoa kidole, mtoto anarudi. Sijui wasanii wengi walioweza kuweka umri mbili katika uso mmoja bila kuvuta chochote kupita kiasi.

Tena kumbuka ilikuwa miaka gani. Uso wa mtoto Mweusi katika bidhaa na mapambo ya Marekani ulikuwa karibu kila mara ni wa kuchekesha, midomo mikubwa na macho yaliyotoka. Augusta alimfinyanga huyu alivyo, pua yake na midomo yake, akamwacha na heshima yake.

Sanamu hii ndiyo iliyomfungulia njia. Mfuko wa Julius Rosenwald, uliosaidia elimu ya Weusi, ulimpa ufadhili wa kwenda kusoma Ulaya, na akafika Paris hatimaye, miaka sita baada ya kukataliwa.

Paris alifanya nini?

Alisoma Académie de la Grande Chaumière, akafundishwa na Félix Benneteau-Desgrois, na kazi zake zikaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya mji huo. Aliongezewa fedha, akazunguka Ubelgiji na Ujerumani akitazama sanamu makanisani na kwenye makumbusho. Kabla ya hapo, mwaka 1925, alikuwa amepata nafasi ya kusoma Roma kwa msaada wa W. E. B. Du Bois, mwanazuoni na mtetezi wa haki za Weusi, lakini nafasi ile ilikuwa ya ada tu. Nauli na chakula hakuwa navyo. Alikuwa akifanya kazi ya kufua nguo za watu na nyumba nzima inamtegemea. Roma hakwenda.

Aliwafundisha akina nani, na kwa namna gani?

Aliporudi, Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Hakuna aliyekuwa akinunua sanamu. Mwaka 1932 alifungua Savage Studio of Arts and Crafts, nyumba namba 163, barabara ya West 143rd, Harlem. Mtu aliingia kutoka barabarani, mtoto kwa mzee, akapewa udongo au karatasi. Walipita hapo Norman Lewis, William Artis, Ernest Crichlow, Gwendolyn Knight na mapacha wapiga picha Morgan na Marvin Smith. Alipita pia kijana Kenneth Clark, ambaye hakuwa msanii. Alikuja kuwa mwanasaikolojia, na utafiti wake na mkewe Mamie juu ya watoto na wanasesere ulitajwa katika hukumu ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku ubaguzi katika shule za serikali.

Mwaka 1937 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Harlem Community Art Center, kituo kilichoendeshwa kwa fedha za WPA, mpango wa serikali ya Rais Roosevelt wa kuwapa kazi watu waliokosa ajira. Mke wa rais, Eleanor Roosevelt, alihudhuria ufunguzi. Waliojiandikisha walipita watu 1,500: uchoraji, ufinyanzi, ushonaji, uchapaji wa picha.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko takwimu hizo ni cha Jacob Lawrence. Alikuwa kijana maskini mwenye kipaji cha rangi, na Augusta alitaka aajiriwe na WPA kama mchoraji, alipwe kwa kuchora. Akampeleka ofisini mwenyewe, kwa miguu yake. Wakawaambia kijana hajatimiza miaka 21. Lawrence akarudi nyumbani na kulisahau jambo. Augusta hakulisahau. Mwaka uliofuata, kijana alipotimiza miaka 21, alimfuata tena, akamrudisha ofisi ile ile, na safari hii akaandikishwa. Mshahara ulikuwa dola 23.86 kwa wiki. Lawrence alisema mara nyingi maishani mwake kwamba bila mwanamke yule kung'ang'ania, hadhani kama angekuwa msanii. Miaka michache baadaye alichora picha 60 za mfululizo wa Uhamaji, zinazoonyesha watu Weusi wakihama kusini kwenda miji ya kaskazini, na leo nusu yake iko MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, na nusu nyingine iko makumbusho ya Phillips Collection mjini Washington.

Mwalimu aliyeweka tarehe ya kuzaliwa ya mwanafunzi moyoni mwaka mzima. Mimi hiyo naihesabu kuwa mbinu ya kufundisha, na sijaiona kwenye silabasi.

Kinubi ni sanamu gani, na iko wapi sasa?

Haipo.

Waandaaji wa Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1939 walimpa Augusta kazi ya kuonyesha mchango wa watu Weusi katika muziki. Aliomba ruhusa akaacha kiti cha ukurugenzi ili aifanye. Alichukua wimbo uliokuwa ukiimbwa na Wamarekani Weusi kama wimbo wao wa taifa, *Lift Every Voice and Sing*, maneno ya James Weldon Johnson na muziki wa mdogo wake J. Rosamond Johnson, wote wana wa Jacksonville, Florida, si mbali na kwao Augusta. Akautengeneza kuwa kinubi chenye urefu wa karibu meta 5. Nyuzi zake ni waimbaji 12 waliosimama mmoja nyuma ya mwingine, warefu kwanza, kisha wanashuka; mikunjo ya kanzu zao inateremka wima kama nyuzi zilizokazwa. Sehemu ya chini inayowabeba ni mkono wa Mungu, na kiganja chake kimejikunja mbele. Mbele kabisa kijana amepiga magoti, ameshika maandishi ya muziki. Waandaaji walilifupisha jina wakaiita *The Harp*, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye kadi za posta.

Watu waliipenda sana. Nakala ndogo ndogo ziliuzwa kama ukumbusho. Maonyesho yalipofungwa mwaka 1940, hapakuwa na fedha za kuisubu kwa shaba, yaani kuitengeneza upya kwa shaba iliyoyeyushwa, wala mahali pa kuihifadhi. Tingatinga likaivunja pamoja na majengo mengine ya muda.

Kwa nini kazi zake nyingi zimepotea?

Hapa ndipo ule ufinyanzi unaporudi. Sanamu kubwa ya udongo ndani yake ina mifupa ya chuma au mbao inayoishikilia, kwa hiyo huwezi kuichoma tanuruni kama chungu. Na ukiiacha ikauke hivi hivi, inapasuka. Fundi hufanya nini? Anaifunika sanamu kwa plasta, yaani unga wa jasi iliyochomwa, uliochanganywa na maji. Ikiganda anapata kalibu. Anautoa udongo, anamimina plasta mpya ndani, kisha anavunja kalibu kwa uangalifu. Sasa ana sanamu ya plasta.

Kwa msanii mwenye fedha, hiyo ni hatua ya katikati. Sanamu huenda kiwandani ikasubiwe kwa shaba, na shaba hukaa karne kwa karne, mvua na jua. Kwa Augusta, plasta ilikuwa mwisho wa safari karibu kila mara. Aliipaka rangi ifanane na shaba, na kinubi akakipa weusi wa jiwe la volkano. Plasta hunyonya maji. Hugongwa kidogo ikamong'onyoka. Ikihamishwa nyumba tatu, mara ya nne haifiki nzima.

Mfinyanzi hulia gaeni, tunasema. Mtu akisema kazi zake hazikudumu kwa kuwa hazikuwa na uzito, mwonyeshe bei ya shaba.

Je, kufundisha kulimharibia usanii wake?

Swali hili huulizwa kwa huruma, na nalielewa. Ni kweli kwamba saa alizowapa vijana hazikuwa saa za kufinyanga. Ni kweli pia kwamba aliporudi kutoka kwenye maonyesho, kiti chake cha kituo kilikuwa kimeshikwa na mtu mwingine. Yeye mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1935, alisema hajaumba kitu kizuri kweli wala cha kudumu, lakini akiweza kumwamsha hata kijana mmoja akuze kipaji alichonacho, basi mnara wake utakuwa katika kazi yao.

Sentensi hiyo hunukuliwa kila mahali, na mimi sikubaliani na nusu yake ya kwanza. *Gamin* ni nzuri kweli. Alisema hivyo miaka minne kabla ya kinubi. Lakini nusu ya pili naiamini, kwa sababu aliitenda: darasani, ofisi za WPA, na katika chama cha wasanii wa Harlem alichosaidia kukianzisha mwaka 1935 ili Weusi nao wapewe kazi hizo za serikali. Kilichombana ni ukosefu wa fedha na milango iliyofungwa. Wanafunzi hawakumnyang'anya kitu.

Kwa nini aliondoka Harlem?

Mwezi Juni 1939 alifungua jumba lake la kuuzia sanaa ya Weusi, Salon of Contemporary Negro Art, barabara ya 125th. Aliwaambia waliokuja kwamba wasanii wake hawaombi upendeleo kwa sababu ya rangi, wanaomba kazi zao zipimwe kwa ubora. Watu walijaa. Wanunuzi walikuwa wachache, na baada ya muda mfupi likafungwa. Fedha za WPA nazo zikakauka vita ilipoingia. Kituo cha Harlem kilifungwa mwaka 1942.

Katikati ya miaka ya 1940 alihamia Saugerties, kijiji kilicho chini ya milima ya Catskill. Alifuga ndege, akafanya kazi kwa mkulima wa uyoga, akaandika hadithi za watoto, akafinyanga sura za majirani. Kiangazi kilipofika aliwafundisha watoto wa huko sanaa. Wengine huusimulia wakati huo kama kifo cha mapema. Mimi naona mwanamke wa zaidi ya miaka 50 aliyechoka kudai, akakaa mahali penye utulivu, udongo bado mikononi.

Kazi zake naweza kuziona wapi?

Schomburg Center, maktaba ya utafiti wa historia ya Weusi iliyoko barabara ya 135th, Harlem, ina kadhaa, pamoja na nakala ndogo ya kinubi. Cummer Museum ya Jacksonville ina *The Diving Boy*, na mwaka 2018 ndiyo iliyoandaa maonyesho makubwa juu yake. Kichwa cha Gwendolyn Knight, mwanafunzi wake aliyekuja kuolewa na Jacob Lawrence, kilikaa katika plasta tangu katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 2001 kilisubiwa kwa shaba, miaka 39 baada ya aliyekifinyanga kufariki.

*Gamin* iko Smithsonian American Art Museum, Washington. Watu hushangaa ilivyo ndogo: sentimeta 23 tu kwenda juu. Ukifika, piga goti au inama mpaka macho yako yalingane na yake, na usiende upesi.